Maji Yalisimama Saa Ngapi?

Nilikuwa nimeshika sumaku mkono wa kulia na msumari mkono wa kushoto, nikiwaeleza wanafunzi wangu wa Gredi ya 7 kwamba zipo kani zinazofanya kazi bila vitu kugusana. Msumari uliruka, ukanata, darasa likacheka. Nikanogewa. Kwa kuwa shule yetu iko mwendo wa dakika kumi kutoka hori la Kilifi, na kwa kuwa nilitaka mfano wa nyumbani badala ya ule wa kitabuni, nikaongeza kwamba hata mwezi, ulioko mbali namna ile, huyavuta maji ya bahari, na ndiyo maana bahari hujaa na kupwa.

Mkono ukainuka dawati la tatu, karibu na dirisha. Alikuwa msichana ambaye tangu muhula uanze sikuwa nimemsikia akisema lolote zaidi ya kuitikia jina lake.

"Mwalimu, mwezi ni mmoja na hupita juu yetu mara moja kwa siku. Mbona maji hujaa mara mbili?"

Nikamtazama. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba hili ni somo la sayansi na sayansi tunaisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo alirudie swali lake kwa Kiingereza.

Akafungua mdomo, akaufunga. Akaketi.

Nami nikaendelea na sumaku.

## Mlango wa kutokea

Jambo hilo lilinikaa kooni kwa wiki tatu. Mwanzoni nilidhani kinachoniuma ni lugha, na kweli lugha ni sehemu yake, kwa sababu mtoto anayeota, kununua, kugombana na kufariji kwa Kiswahili na Kigiriama hawezi kutarajiwa astaajabu kwa Kiingereza kwa amri ya mwalimu. Hilo wenzangu wengi wameliandika vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Lakini kila nilipojaribu kulala na maelezo hayo yalinipwaya, kwa maana najua siku nyingine nyingi ambazo mwanafunzi aliuliza kwa Kiswahili nami nikamjibu kwa Kiswahili bila kukumbuka kanuni yoyote.

Siku ile nilikumbuka kanuni kwa sababu sikuwa na jibu.

Nimezaliwa pwani hii. Nimeogelea katika maji haya kabla sijajua kuandika, na nimepigwa kwa kuchelewa kutoka majini yakianza kujaa. Nimesomea ualimu wa sayansi, nikafuzu. Tangu utotoni nilijua kwamba maji hujaa mara mbili kati ya jua la leo na jua la kesho, na tangu shuleni nilijua kwamba mwezi ndio unaoyavuta. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu zaidi ya miaka ishirini kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyakutanisha kwa muda wa pumzi moja.

Nilipoanza kujichunguza niligundua kuwa milango yangu ya kutokea ni mingi. "Hilo tutalifikia Gredi ya 9." "Hilo si la leo." "Kafanyeni utafiti nyumbani mniletee kesho," nikijua fika kwamba nyumbani hakuna kitabu wala bando. Na ule ulio hodari kuliko yote, kwa kuwa unafanana sana na ufundishaji bora: "Swali zuri! Nani anaweza kumsaidia mwenzetu?"

## Safu moja ya jedwali

Walimu wa sekondari msingi wanaijua ile safu katika jedwali la mtaala iliyoandikwa Maswali Dadisi. Kila mada ndogo ina lake moja au mawili, yamechapwa tayari na kuishia kwa alama ya kuuliza. Tangu wanafunzi wa kwanza walipoingia Gredi ya 7 Januari 2023 tumeambiwa, na tumewaambia wazazi, kwamba mtaala wa umilisi unamtaka mtoto audadisi ulimwengu wake badala ya kukariri. Nakubaliana na nia hiyo hata sasa.

Ila mimi niliigeuza safu hiyo kuwa posho. Nilikuwa nikilisoma swali dadisi lililochapwa, nikiliuliza, nikilipokea jibu nililokuwa nimeliandika usiku katika andalio la somo, kisha nikitia alama ya vyema. Udadisi umefanyika, tuendelee. Siwalaumu waliolichapa swali hilo. Hawawezi kuketi katika kila darasa la Kenya, na bila shaka walilikusudia liwe cheche tu. Lakini swali halisi lilipokuja lenyewe, bila kuchapwa, na la kina kuliko yote yaliyomo katika jedwali, nililiona kama usumbufu.

Tena tulikuwa na kisingizio kizuri. Shule yetu, kama nyingi za sekondari msingi, imo ndani ya uwanja wa shule ya msingi, na maabara hatuna. Kila mkutano wa walimu huanzia hapo na kuishia hapo. Hakuna aliyewahi kusema, nami sikuwahi kusema, kwamba dakika kumi kutoka lango la shule upo mtambo mkubwa unaofanya kazi usiku na mchana, bila umeme, bila kulipiwa.

## Najua saa, sijui sababu

Jumamosi moja nilikwenda ufuoni kumtafuta mzee mmoja mvuvi ambaye tangu nikiwa mdogo namjua kuwa ndiye anayeulizwa mambo ya maji. Nilimkuta akitengeneza dema, mtego wake wa samaki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo mwalimu umekuja kununua au kutazama?"

Nilimwambia nimekuja kuuliza. Akacheka, akanisogezea kigoda. Kwa muda wa nusu saa alinipa somo ambalo sikuwahi kulipata chuoni. Alinieleza kuwa bamvua, yaani yale maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, lakini halitimu siku yenyewe. "Lipe siku moja, mbili," alisema, "ndipo utaliona." Alinieleza kuwa mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayana nguvu ya kujaa wala ya kupwa. Na alinitajia, bila kutazama saa wala simu, kwamba siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi na hukauka kama saa nne, mwezi nenda mwezi rudi, ndiyo maana wanawake wanaokwenda mwambani kutafuta pweza na chaza huonekana wakishuka asubuhi iliyokwisha kupambazuka vizuri.

Nikamuuliza swali la msichana. Kwa nini mara mbili?

Akaivuta kamba ya dema kwa meno, akaifunga fundo.

"Mimi najua saa, sijui sababu. Sababu si ndiyo mliyoisomea nyinyi?"

## Mawe saba

Jumatatu nilimwita yule msichana mbele ya darasa, nikamwomba alirudie swali lake kwa lugha yoyote. Aliliuliza tena neno kwa neno, hakuwa amelisahau. Nikaliandika ubaoni, na chini yake nikaandika kwamba mwalimu hajui. Darasa lilinyamaza kwa namna ambayo sikuipenda. Wengine walitazamana. Kijana mmoja wa nyuma aliuliza kama huo ni mtihani.

Mpango wetu ulikuwa mdogo. Kabla ya kuuliza kwa nini, tungejua kwanza ni nini hasa kinachotokea. Mwalimu mkuu alitoa ruhusa kwa masharti: barua kwa wazazi, watoto wanne wanne kwa zamu, mtu mzima awepo kila mara, na asiingie mtu majini kupita vifundo vya miguu. Ndani ya hori mawimbi ni madogo, kwa hiyo tulichagua mahali penye mteremko wa taratibu, tukapanga mawe saba kutoka chini kwenda juu, hatua mbili mbili, tukayapa nambari. Kifaa kingine kilikuwa saa yangu ya mkononi, ambayo kioo chake kina ufa.

Siku ya kwanza tuligombana. Kundi moja lilisema maji yamefika kileleni saa kumi na dakika 5 jioni, jingine likaapa ni saa kumi na dakika 25. Wote walikuwa sahihi kwa namna yao, kwa sababu maji yakishajaa husimama. Kwa muda mrefu hayapandi wala hayashuki, na kila jicho huchagua dakika yake. Nilikuwa tayari kuamua kwa mamlaka ya mwalimu, kwamba tuchukue ya katikati yaishe, ndipo kijana mmoja ambaye sifa yake kuu shuleni ni kuchelewa akasema tusiyatazame maji yakiwa juu kabisa.

"Tutazame jiwe la tano. Lilizama saa ngapi, na likaibuka saa ngapi. Kilele kiko katikati."

Jiwe la tano lilikuwa limezama saa tisa na dakika 10 na kuibuka saa kumi na moja na dakika 4. Katikati yake ni saa kumi na dakika 7. Nimeuona ujanja huo baadaye katika maandishi ya watu wanaopima mambo makubwa kuliko yetu: penye kilele butu usikipime kilele, pima pande zake mbili. Siku ile nilichoweza ni kumtazama tu kijana yule, nikijiuliza ni mara ngapi nilikuwa nimemfukuza darasani kwa kuchelewa.

Tangu hapo swali la kila asubuhi, hata kwa wale ambao hawakuwa na zamu, likawa moja. Maji yalisimama saa ngapi?

## Dakika hamsini

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupapita haraka.

Nilikuwa nimesoma usiku. Nilijua kwamba mwezi hurudi mahali pake juu ya vichwa vyetu kila baada ya saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo na maji nayo yanapaswa kuchelewa kwa kiasi hicho hicho kila siku. Nilifurahia maarifa yangu mapya kupita kiasi, nikawaambia wanafunzi mapema: mtaona kwamba kila siku maji yanachelewa kwa takriban dakika hamsini.

Wakaniletea 36. Siku iliyofuata 35. Kisha 38.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni mwa daftari: Rudieni, mwe waangalifu. Siku ya tano maji yalikuwa yakisimama baada ya jua kuzama, hivyo tukahamia maji ya asubuhi, na asubuhi ya pili kundi la zamu likaniletea nambari nzuri ajabu. Dakika hamsini kamili.

Niliwapongeza mbele ya darasa. Kisha, kwa mazoea tu, nikauliza jiwe la tano lilizama saa ngapi na likaibuka saa ngapi. Wakatazamana. Hapakuwa na saa ya kuzama wala ya kuibuka. Walikuwa wamekwenda ufuoni, wakacheza, wakaniandikia nilichotaka.

Hawakudanganya kwa uvivu. Watoto wale walikuwa wamejifunza sayansi jinsi nilivyowafundisha: jibu liko kwa mwalimu, na kazi ya kupima ni kulifikia.

Nilirudi nyumbani nikasoma tena, safari hii polepole. Na humo, kurasa chache tu mbele ya pale nilipokuwa nimeachia, nikakuta kwamba dakika hamsini ni wastani. Jua nalo lina mvuto wake juu ya bahari, kwa kiasi kisichofika nusu ya ule wa mwezi, na namna mivuto hiyo miwili inavyochanganyika hufanya maji yachelewe kidogo siku za bamvua na yachelewe sana siku za maji mafu. Tulikuwa tumeanza siku chache tu baada ya mwezi mpevu. 36, 35 na 38 zilikuwa nambari njema, zilizopimwa vizuri na watoto kwa mawe na saa yenye ufa, na mimi nilikuwa nimezichora nyekundu.

Niliomba radhi darasani. Nilisema waliopima walipima sawa, na aliyekosea ni mimi. Tukaendelea na mawe, na maji mafu yalipowadia, ambapo maji hayakufika hata jiwe la nne na ikabidi tutumie la pili, daftari likaonyesha 68, kisha 74. Hakuna aliyekuwa ameambiwa azitegemee nambari hizo. Wewe fikiria makelele yaliyokuwapo.

Najua msomaji anangoja nimtaje Erasto Mpemba wa Tanzania, kwa hiyo nimtaje. Sote tunaijua sehemu ya aiskrimu: Magamba, Lushoto, 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyetia maziwa ya moto kwenye jokofu na kuona yameganda upesi kuliko yale ambayo hayakuwa ya moto, akaambiwa na mwalimu wake kuwa amechanganyikiwa. Sehemu ninayoipenda siku hizi ni nyingine. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Mkwawa kule Iringa, alimuuliza swali lake Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na Osborne akaahidi kwenda kujaribu. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, na akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate matokeo sahihi. Mpemba na Osborne walichapisha maelezo yao 1969, na mjadala haujaisha. Mwaka 2016 watafiti waliopima upya walitilia shaka kama jambo lenyewe hutokea kweli. Hilo halinisumbui. Ninamwaza yule fundi. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa na wino ule ule.

## Ambacho ufuo haufundishi

Wapo wanaopenda kusema kwamba mtoto aachwe huru na mazingira yake na atagundua yote mwenyewe. Nilikaribia kuamini hivyo wiki ile ya 68 na 74. Lakini swali la msichana lilikuwa bado ubaoni, na hakuna idadi ya mawe ambayo ingelijibu. Mawe yalitupa mpangilio, sababu hayakutupa. Mabaharia wa pwani hii na za mbali waliujua mpangilio huo kwa karne nyingi na kuutegemea kwa maisha yao. Galileo mwenyewe, katika kitabu chake cha 1632, alishikilia kuwa maji huyumba kwa sababu dunia inakwenda, akamshangaa mwanaastronomia Kepler kwa kuuhusisha mwezi. Na maelezo yake Galileo yalikwama pale pale, kwa kuwa yalielekea kuleta kujaa kumoja tu kwa siku. Mpaka Newton alipoieleza sababu hiyo, 1687. Kumngoja mwanafunzi wa Gredi ya 7 alivumbue hilo katika vipindi vitatu si kumheshimu, ni kumtupa.

Kwa hiyo siku hiyo nilifundisha. Nilisema mambo na wao wakasikiliza.

Tulitoka uwanjani. Niliwasimamisha watatu kwenye mstari mmoja nyuma ya mwembe wa lango: mbele mkimbiaji wetu wa mbio za mita 100, katikati mtoto wa kasi ya wastani, nyuma mmoja ambaye mwenyewe alijitolea kuwa mzito. Mwembe ulikuwa mwezi. Mtoto wa katikati alikuwa dunia, wa mbele ni maji ya upande unaoutazama mwezi, wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Kadiri kitu kilivyo karibu na mwezi ndivyo kinavyovutwa zaidi, basi kila mmoja akimbie kuuendea mwembe kwa kasi yake. Walipokimbia hatua ishirini nikapiga kelele wasimame.

Nikamuuliza wa katikati: mwenzako wa mbele amekwenda wapi? Amenikimbia. Na wa nyuma? Akageuka, akatazama ule uwazi uliokuwa umefunguka nyuma yake.

"Naye yuko mbali."

Wote watatu walikuwa wamevutwa upande mmoja, na hata hivyo, machoni pa yule wa katikati, wenzake wawili walikuwa wamejitenga naye pande mbili. Maji yanavimba upande wa mwezi kwa kuwa yamevutwa kuliko dunia. Yanavimba na upande wa pili kwa kuwa dunia imevutwa kuliko yenyewe. Dunia inajizungusha chini ya vimbe hizo mbili, nasi tunazipitia zote mbili kila siku.

Msichana wa dawati la tatu hakusema kitu. Aliomba wakimbie tena. Mara ya pili alisimama kando, mahali pa mtu asiyekuwa dunia wala maji, akatazama.

Ninavyoona sasa, maelezo yale yangeangukia patupu kama ningeyatoa siku ya sumaku. Yaliingia kwa sababu kila mtoto uwanjani alikuwa ameyangoja kwa miguu yake yenye tope.

## Yaliyogharimu

Sumaku ilichelewa kwa wiki tatu, na nililipa deni hilo kwa kufundisha umeme mbio mbio, vibaya. Mwenzangu mmoja, mwalimu mzuri ambaye wanafunzi wake hufaulu, aliniambia chumbani mwa walimu, "Hayo hayatahiniwi, dada," na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mzazi aliyeuza mbuzi kulipa karo hatauliza kuhusu mawe. Mtoto mmoja alikatwa unyayo na gamba la chaza. Jeraha lilikuwa dogo, lakini usiku ule nililala nikihesabu mabaya ambayo yangeweza kutokea. Na kati ya wanafunzi 58, wapo kama kumi ambao bahari haikuwagusa kabisa. Mmoja aliniambia kwa adabu zote kwamba yeye angependelea kunakili.

Na lugha? Tulijadili kwa Kiswahili, tukaandika ripoti kwa Kiingereza, nayo ikatoka bora kuliko ripoti zote za muhula kwa kuwa safari hii walikuwa na la kusema. Neno moja lilitushinda. Nilipomuuliza msichana kwa nini aliketi siku ile, alisema alikuwa akitaka kuuliza na bamvua pia, na hakujua Kiingereza chake. Nami sikukijua. Tulipokitafuta tukakuta Waingereza wanaliita kwa neno lile lile la msimu wao wa machipuko, spring, na nusu ya darasa ikaamini kwamba bamvua huja mara moja kwa mwaka. Katika ripoti tuliandika bamvua, tukaeleza maana yake.

## Saa nne za kuchelewa

Nilidhani tumemaliza. Wiki ya mwisho wa muhula msichana wa dawati la tatu alikuja mezani kwangu na daftari la maji. Lilikuwa limefunguliwa ukurasa wa zile siku za maji mafu, na pembeni kwa penseli alikuwa amechora mwezi nusu.

Alisema asubuhi ile alitumwa maji kisimani kabla jua halijachomoza, akaona mwezi nusu uko karibu utosini. Akapitia ufuoni. Maji yalikuwa bado chini sana, hata jiwe la kwanza lilikuwa kavu. Yalikuja kusimama yapata saa nne asubuhi.

"Mwalimu, mwezi ukiwa utosini vimbe la maji si linapaswa kuwa hapa kwetu? Liko wapi? Mbona linachelewa kwa muda wa saa nne?"

Nilitafuta mlango wa kutokea, kwa mazoea. Kisha nikasema sijui, ila nitasoma, na nikasoma. Nimemweleza niliyoweza: kwamba vimbe lile la kwenye uwanja wa shule lingekaa chini ya mwezi kama dunia ingekuwa maji matupu na yenye kina kikubwa mno, lakini bahari halisi ina mabara yanayoizuia na vina tofauti, hivyo maji hukimbizana na mwezi kama wimbi refu linalogonga kingo na kurudi, jambo ambalo mwanahisabati Mfaransa Laplace alianza kuliwekea hesabu karne moja hivi baada ya Newton, na kwamba kila bandari ina kuchelewa kwake, ndiyo maana jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, halifai kupelekwa bandari ya nchi nyingine likatumika. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Kisha akauliza kama Lamu nako maji huchelewa saa nne. Likizo hii anakwenda kwa shangazi yake huko. Ameondoka na daftari, na ameomba kalamu ya wino usiofutika ya kuandikia nambari kwenye mawe.

Nimempa mbili.